Mama Darubini Anajibu: Kipimo kimeondolewa, na majibu yangu je?

Mwezi huu barua za minyoo na za kisukari zinisamehe. Zimenifikia tatu zenye jambo moja, ya kwanza kutoka Ujiji, ya pili hapahapa Tabora mjini, ya tatu Urambo. Mtu amepimwa saratani, amepewa majibu, amekwenda zake, kisha ikaja habari kwamba kipimo kilichotumika kilikuwa na hitilafu na kimeondolewa. Barua nimezifupisha, na majina ya maabara nimeyatoa. Kwa wasionijua, nimefanya kazi maabara miaka 33, mingi yake katika mkoa huu, na jambo hili limewahi kunipata nikiwa upande wa ndani wa dirisha, upande wa anayetoa majibu.

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Mama Darubini. Mimi ni mkazi wa Ujiji. Baba yangu ana miaka 69, alikuwa mvuvi, sasa anauza dagaa Kibirizi. Mwaka jana mwezi wa tisa kulikuwa na upimaji wa bure wa tezi dume. Akatolewa damu, akaambiwa yuko salama. Siku hiyo alirudi na migebuka miwili mikubwa, akasema tule, yeye ni mzima. Wiki mbili zilizopita muuguzi alinipigia simu, maana namba iliyoandikwa ni yangu. Akasema vile vipimo vimeondolewa, vilikuwa vinasoma chini, baba arudi apimwe upya. Nilimweleza mama, mama akamweleza baba, baba akawaka: "Walisema mzima, sasa wanataka nini? Wameishiwa wagonjwa?" Usiku anaamka mara nne au tano, tunausikia mlango wa uani. Na siku hizi akiinuka kwenye mswala anashika kiuno. Mdogo wangu anasema tumwambie ni kipimo cha sukari, atoe damu, yaishe. Je, siku ile tulidanganywa? Na hilo la sukari tulifanye?
Binti wa Mvuvi, Ujiji

Marahaba, mwanangu. Poleni nyumbani.

Nianze na hilo la sukari, kwa sababu mdogo wako anaweza kulifanya kesho asubuhi. Msilifanye. Namwelewa, anampenda baba yake na anaona siku zinakwenda. Lakini ifuateni njia hiyo mpaka inapoishia. Damu imetoka kwa jina la sukari, majibu ya tezi dume yamekuja juu. Nani atamwambia? Atatakiwa kuchunguzwa kwa kidole, pengine atolewe kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi cha kupimwa, pengine asafiri mpaka Mwanza au Dar es Salaam. Humpandishi mzee treni pale Kigoma mpaka Dar kwa ajili ya sukari. Mtasema uongo wa pili au mtakiri wa kwanza, na mzee ambaye tayari anaona watu wa hospitali ni waongo atakuta na wanawe wamo. Na damu ni yake. Mtu mzima mwenye akili zake anapimwa kitu anachokijua na alichokikubali, hata kama ni baba yenu na hata kama ni mkaidi.

Je, mlidanganywa? Hapana. Aliyemwambia baba yuko salama aliamini alichokiona kwa macho yake. Ngoja nikuonyeshe alichokiona.

Kipimo chenyewe ni utepe mwembamba ndani ya kikasha cha plastiki, urefu wake kama kidole cha kati. Upande mmoja kuna kitundu cha kudondoshea damu, katikati kuna kidirisha. Damu inapolowa inasomba kingamwili zilizofungwa na chembechembe za dhahabu, ndogo mno, ambazo kwa macho huonekana kama rangi nyekundu. Kazi ya kingamwili hizo ni kuishika PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume. Zikifika nayo kwenye mstari wa herufi T hunaswa hapo, na mstari unajitokeza. Mbele kidogo kuna mstari wa herufi C. Huu hunasa kingamwili zenyewe, ziwe zimebeba PSA au ziko mikono mitupu. Ndiyo maana kila mtu wa maabara hufundishwa kwamba C isipotokea kipimo hakifai, tupa, anza upya. Kwa baba yako C ilitokea, nina hakika, na T haikutokea. Msomaji akasoma kama karatasi ya maelekezo inavyosema: PSA iko chini ya nanogramu 4 katika mililita moja ya damu.

Sasa angalia. Mstari wa C unathibitisha kwamba majimaji yamefika mwisho wa safari. Hauapi kwa niaba ya T. Kama kiwandani kingamwili za mstari wa T zilipakwa haba, au zilichoka njiani kwa joto na unyevunyevu, C itajitokeza vizuri kila mara huku T ikimpita mtu mwenye PSA ya 7 au ya 9. Weka vikasha viwili mezani, cha mtu mzima na cha mgonjwa aliyepimwa kwa toleo bovu (toleo ni fungu la vipimo vilivyotengenezwa pamoja kiwandani). Vinafanana. Hata mimi na miaka yangu 33 nisingevitofautisha. Ubovu wa namna hiyo unabainika ukipima kwanza seramu, yaani majimaji ya damu, ambayo kiwango chake cha PSA unakijua, kila unapofungua boksi la toleo jipya. Na siku ya upimaji wa bure, foleni imeshauzunguka mwembe tangu saa kumi na mbili asubuhi, hatua hiyo ndiyo ya kwanza kurukwa. Nimesimama kwenye meza hizo, naijua presha yake.

Nami limenipata. Mwaka 2011 barua ilitufikia siku ya Alhamisi, karatasi moja, mistari minane, ikitaja toleo la kipimo cha PSA na kututaka tusitishe kulitumia. Nikaenda kabatini: toleo hilo lilikuwa limeshakwisha. Nikafungua daftari la maabara, lile kubwa la jalada gumu. Safu zake zilikuwa tarehe, namba, jina, umri, kipimo, majibu, sahihi. Hakukuwa na mahali pa kuandika toleo. Kwa miezi minane tulikuwa tumetumia matoleo mawili, moja bovu na moja zima, na ndani ya daftari wote wameandikwa kwa kalamu ileile: PSA hasi, PSA hasi, PSA hasi. Sahihi nyingi zilikuwa zangu.

Nikashuka stoo kuomba kadi ya hesabu. Mtunza stoo alikuwa ameandika tarehe za kila boksi alilotutolea, Mungu ambariki, lakini hazikutosha, kwa sababu tulikuwa na tabia ya kufungua boksi jipya kabla la zamani halijakwisha. Ikabidi tuwaite wote, watu 38. Kwa simu tuliwapata 31. Waliobaki tuliwatafuta kwa wenyeviti wa vitongoji, kwa misikiti na makanisa, mmojammoja, mpaka akabaki mzee mmoja mfuga nyuki wa upande wa Sikonge. Alikuwa ameacha namba ya mpwa wake, na mpwa alikwishahama.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nikapanda basi, kisha pikipiki kwenye mchanga ule, mpaka kwake. Nilimkuta anachuja asali kwenye ndoo kwa kitambaa cheupe. Nikajitambulisha na kumweleza. Akanawa mikono polepole, akaingia ndani, akarudi na karatasi yetu ya majibu. Alikuwa ameihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi yake ya kupigia kura. Akaishika, akanitazama, akauliza jambo moja tu: "Mlijua lini?" Nikamwambia, siku tisa zilizopita. Akatikisa kichwa, akasema basi nimsubiri avae viatu, tutaondoka wote.

PSA yake kwa mashine ilikuwa juu, na kinyama kilionyesha saratani. Alitibiwa. Miezi aliyoipoteza akiamini karatasi yetu ilikuwa saba. Jumatatu yake nilichukua rula na kalamu nyekundu, nikachora safu ya nane kwenye kila daftari la maabara ile, nikaandika juu yake TOLEO. Ilikuwa imechelewa kwa watu 38, lakini tangu siku hiyo hatujairuka.

Turudi kwa baba. Majibu yale ya mwezi wa tisa yahesabuni kama hayakuwahi kuandikwa. Hayamfanyi mzima, wala kuitwa kwake hakumfanyi mgonjwa. Yuko pale alipokuwa kabla hajapimwa. Na hata PSA iliyopimwa sawasawa haitoi hukumu. Hupanda kwa tezi iliyokua kwa umri bila saratani yoyote, kwa maambukizi ya njia ya mkojo, kwa mpira wa mkojo. Wenye PSA kati ya 4 na 10, takriban mmoja kati ya wanne ndiye hukutwa na saratani akitolewa kinyama. Na wenye chini ya 4, wakitolewa kinyama, wapatao 15 katika 100 hukutwa nayo pia. Kwa hiyo baba alipaswa kumwona daktari hata kama kipimo kile kingekuwa kizima, kwa sababu ya mlango wa uani na kwa sababu ya kiuno. Kuamka usiku mara nyingi ni tezi iliyokua tu, na ina dawa. Kiuno huenda ni miaka ya kuvuta nyavu. Lakini mwanamume wa umri wake mwenye yote mawili hastahili kukisiwa na binti yake, wala na mimi niliye Tabora. Akishindwa kabisa kukojoa, au miguu ikianza kulegea, msisubiri ushawishi wowote, hospitali siku hiyohiyo.

Nani aseme naye? Si wewe, na si mama peke yake. Wewe ni binti na haya ni maungo ya baba, staha ya Ujiji naijua. Tafuta baba mdogo, au yule rafiki yake waliyekuwa wakivua mtumbwi mmoja, anayeswali naye safu moja. Waketi wawili, pasiwe na watoto. Amwambie ukweli wote, hata ule unaomkasirisha: kipimo kilikuwa kibovu, wenyewe wamekiri, na wamemtafuta. Baba anadhani wameishiwa wagonjwa. Ajue kwamba kumpigia simu mtu uliyemwambia ni mzima, ukamwambia nilikosea, ni kazi ngumu kuliko kupima watu mia. Wapo wanaoisoma barua kama ile na kuikunja. Muuguzi wenu hakuikunja, na hilo baba alisikie. Kisha aachwe aamue. Akitaka wiki moja ya kununa, mpeni.

Akikubali, ombeni kipimo cha mashine kinachotoa namba, maana utepe husema juu au chini basi. Ulizeni kwanza hospitali ya Maweni kama siku hiyo kinapatikana, msije mkamtembeza bure. Kurudiwa kwake kusiwagharimu kitu, kosa si lenu. Semeni hivyo kwa upole, na msirudi nyuma. Siku mbili kabla ya kutoa damu asipande baiskeli, na asikutane na mama (hilo aambiwe na baba mdogo). Kama ametibiwa mkojo hivi karibuni, asubiri kama wiki sita. Kama anameza dawa ya kupunguza tezi iitwayo finasteraidi, amwambie daktari, kwa sababu ikitumiwa miezi kadhaa hushusha namba karibu nusu. Na mwombe yule muuguzi awaandikie kwenye karatasi jina la kipimo cha kwanza, toleo namba na tarehe. Karatasi hiyo ikae na kadi za baba.

BARUA YA PILI

Mama Darubini, habari za kazi. Nina miaka 46. Mwaka juzi nilitolewa uvimbe titi la kushoto katika hospitali moja kubwa nje ya mkoa. Kinyama kikapimwa, karatasi ikaandika vipokezi vya homoni hasi. Nikachomwa zile dripu, nikamaliza, namshukuru Mungu. Juzi wamenipigia, wanasema kitendanishi walichotumia kimeondolewa na wanapima upya. Nikauliza, nikatwe tena? Wakasema hapana, kinyama kipo. Kinyama cha mwaka juzi kitakuwepo vipi? Jirani ananiambia watachukua cha mtu mwingine. Tena majibu yakibadilika, yatanisaidia nini na dripu nimeshamaliza?
Mama wa Watatu, Isevya

Kipo, mdogo wangu. Kilipotolewa kilitiwa kwenye formalini, dawa ile yenye harufu ya kuchoma macho, ikakizuia kuoza. Kisha kikakaushwa maji na kuzamishwa kwenye nta ya moto. Nta ikiganda, kinyama chako kinakuwa katikati yake kama mdudu kwenye utomvu, kidonge cha mraba kinachoenea kiganjani, kina namba yako ubavuni. Sisi tunakiita bloku. Bloku hukaa kabatini miaka mingi bila friji. Wanachokifanya sasa ni kukata utando mwingine mwembamba, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kuuweka kwenye slaidi ya kioo na kuupaka kitendanishi kizima, yaani dawa ya kupimia isiyo na hitilafu. Kwako hakuna kisu wala sindano.

Hofu ya jirani usiicheke. Njia ya kuimaliza ni namba. Kwenye karatasi yako ya kwanza kuna namba ya patholojia. Waambie unataka namba hiyohiyo ionekane kwenye majibu mapya. Wakikupa, umalize mazungumzo na jirani.

Kuhusu faida. Saratani nyingi za titi zinalishwa na homoni za mwili. Ili kuzijua, kinyama hupakwa kingamwili inayonata kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, na seli zenye vipokezi hugeuka rangi ya kahawia, zisizonavyo hubaki buluu. Zikiwa na kahawia hata asilimia 1, majibu huandikwa chanya, na mwenye majibu chanya huwa na dawa ambayo mwenye hasi hapewi. Iliyo maarufu ni tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku, kwa kawaida miaka 5 au zaidi, kuzuia ugonjwa usirudi. Kitendanishi kikiwa dhaifu, seli zilizotakiwa kuwa kahawia zinabaki buluu, karatasi inaandika hasi, na mtu ananyimwa kidonge bila yeyote kujua. Wewe umemaliza dripu, lakini mlango wa kidonge haujafunguliwa kwako kwa sababu ya neno moja kwenye karatasi. Ndiyo maana neno hilo lirudiwe.

Haya yamewahi kutokea kwa wingi. Kule Canada, jimbo la Newfoundland na Labrador, mwaka 2005 sampuli ya mgonjwa iliyokuwa imesomwa hasi ilipimwa tena, ikatoka chanya. Wakarudi nyuma kupitia vipimo vya tangu 1997. Sampuli zaidi ya 1,000 zikapelekwa Toronto kupimwa upya, na wanawake wasiopungua 386 wakaonekana walipewa majibu yasiyo sahihi. Pale chanzo hakikuwa boksi moja bovu la kiwandani. Ilikuwa kazi ya maabara yenyewe, namna vinyama vilivyotayarishwa na ukaguzi wa ubora uliolegea. Lakini kilichowachoma watu wale zaidi ni kwamba wakubwa walijua, na wagonjwa wengi hawakuambiwa mapema. Habari ikatokea kwanza gazetini. Jaji Margaret Cameron aliongoza tume ya uchunguzi, ikatoa ripoti mwaka 2009. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mfuga nyuki wangu na swali lake. Canada na Sikonge, swali ni lile lile: mlijua lini?

Nawe una haki ya kuliuliza. Waulize walipata taarifa lini, toleo lipi, na majibu mapya yatatoka tarehe gani. Swali jingine la kitaalamu, ukiweza kulikumbuka: je, kwenye slaidi ile tezi zisizo na ugonjwa zilizo pembeni ya uvimbe zilishika rangi? Titi lisilo na ugonjwa lina vipokezi, kwa hiyo tezi hizo zinapaswa kuwa na kahawia kiasi. Kama nazo zilibaki buluu tupu, slaidi ilikuwa inapiga kelele kwamba kitendanishi kimeshindwa, na mtu alipaswa kuisikia. Sisemi uwagombeze. Ukiuliza hivyo watajua wanaongea na mtu anayefuatilia.

Majibu yakija chanya, rudi kwa daktari wako wa saratani. Usinunue tamoksifeni dukani kwa kusoma hapa, kwa sababu ina madhara yake, ya damu kuganda na ya mfuko wa uzazi, na yeye ndiye atakayepima. Kuchelewa kuanza si lazima kuwe kuikosa faida yake. Yakibaki hasi, basi tiba uliyopata ndiyo iliyokustahili, na utalala. Niandikie vyovyote yatakavyokuja. Nakuombea, na nasema hivyo kwa moyo wangu wote.

BARUA YA TATU

Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa maabara, wilaya ya Urambo. Tumeletewa taarifa ya kuondoa toleo la kipimo cha PSA. Kwetu yamebaki maboksi mawili hayajafunguliwa na moja limefunguliwa. Boksi lina vipimo 25, humo vimebaki 11. Mkubwa wangu anasema muda wake wa matumizi bado mwaka mzima, tuvitumie kufundishia wanafunzi wa mazoezi. Nifanyeje bila kugombana naye?
Kijana wa Maabara

Marahaba, kijana wangu. Tarehe ya mwisho ya matumizi inasema bidhaa itadumu mpaka lini kama ilitengenezwa vizuri. Haiwezi kulisafisha toleo lililotengenezwa vibaya. Na hilo la kuwafundishia wanafunzi nimeliona linavyoishia. Mwanafunzi anaacha pakiti mbili mezani, zamu ya usiku inakuja, vya kawaida vimekwisha, mgonjwa amekaa kwenye benchi, pakiti iko pale imefungwa vizuri. Mkono utaenda. Ukitaka kufundisha, fundisha kwa kizima.

Leo kabla hujafunga, yaweke yote matatu kwenye katoni moja, uifunge kwa gundi ya karatasi, uandike kwa kalamu nzito nyekundu USITUMIE, toleo namba, idadi na tarehe. Toleo utaliona kwenye pakiti kando ya herufi LOT zilizozungushiwa kisanduku. Soma kila pakiti, usiamini boksi la nje tu. Katoni isikae friji moja wala kabati moja na vinavyotumika. Usichome moto wala kutupa shimoni. Vinahesabiwa na kurudishwa kwa njia iliyotajwa kwenye taarifa. Mwandikie mratibu wa maabara wa wilaya barua fupi, nakala kwa mkubwa wako. Barua ya mistari mitano yenye hesabu haimgombezi mtu, na yeye mwenyewe akiiona imeandikwa hatataka jina lake liwe upande wa pili. Mkikwama, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina ofisi ya kanda ya magharibi hapa Tabora, na vitendanishi viko chini yao kama zilivyo dawa.

Maboksi mawili hayajamgusa mtu, hayo usiyahangaikie zaidi ya katoni. Lile la tatu ndilo lenye kazi. Lilikuwa na 25, vimebaki 11. Kwenye daftari lako kuna majina 14. Kayatafute.